Taa zinawaka, mtandao haupiti: kutafuta hitilafu za VLAN nyumbani

VLAN ni njia ya kugawa mtandao mmoja kuwa mitandao kadhaa iliyotengana, ikitumia waya na swichi zilezile. Hitilafu yake inasumbua kwa sababu kila kitu kinaonekana kizima. Taa za poti zinawaka, waya umekaa vizuri, ruta ina intaneti, na bado simu ya mpangaji inabaki kwenye "Inapata anwani ya IP…" mpaka inajikatia yenyewe. Mara nyingi hakuna kilichoharibika. Ncha mbili za waya mmoja hazikubaliani tu: upande huu unatuma fremu (vifurushi vya data) zenye lebo ya VLAN, upande wa pili unazisubiri bila lebo. Kazi ni kujua waya huo ni upi.

Nitatumia mtandao wa nyumba yenye wapangaji uani, kwa sababu huko ndiko VLAN zinakohitajika kweli. Kisanduku cha fiberi cha mtoa huduma kinaingia ether1 ya ruta ya MikroTik hEX, yenye poti 5. Kwenye ether2 kuna kompyuta ya kazi. ether3 imeachwa tupu makusudi, sababu itakuja. Kutoka ether5 waya mmoja unapanda juu hadi swichi ya TP-Link TL-SG108E yenye poti 8. VLAN 10 ni ya familia, anwani zake 192.168.10.0/24. VLAN 20 ni ya wapangaji na wageni, 192.168.20.0/24. VLAN 30 ni ya kamera na kinasa chake, 192.168.30.0/24. Ukiwa na OpenWrt (programu huria ya ruta) au swichi ya kampuni nyingine, majina ya menyu yatabadilika lakini dalili ni zilezile.

Lebo yenyewe ni baiti 4 zinazopachikwa ndani ya fremu ya Ethernet kwa kiwango cha 802.1Q. Biti 12 kati ya hizo ndizo namba ya VLAN, na ndiyo maana namba zinazotumika zinaanzia 1 na kuishia 4094. Waya unaobeba VLAN kadhaa zenye lebo huitwa trunki. Poti ya kompyuta, kamera au runinga haitoi lebo, kwa kuwa kifaa hicho hakijui habari za VLAN wala hakihitaji kuzijua.

Kabla ya kugusa chochote

Andika kwenye karatasi kila poti inatakiwa ifanye nini. Bila karatasi hiyo utakuwa unalinganisha ulichokiweka na unachokikumbuka, na kumbukumbu ndiyo iliyokuingiza kwenye matatizo. Kwa swichi yetu ni hivi (PVID ni VLAN inayopewa fremu inayoingia bila lebo):

Poti 1: VLAN 10, 20 na 30, zote na lebo (waya wa ruta)
Poti 2 na 3: VLAN 10 bila lebo, PVID 10
Poti 4: VLAN 20 bila lebo, PVID 20 (waya wa wapangaji)
Poti 5 na 6: VLAN 30 bila lebo, PVID 30
Poti 7: haijaguswa, VLAN 1 bila lebo, PVID 1
Poti 8: VLAN 10 bila lebo, VLAN 20 na lebo, PVID 10 (aksesi pointi, kifaa cha waifai)

Kisha hifadhi nakala ya mipangilio ya ruta na ya swichi kabla ya kubadilisha kitu. Zoea pia kubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja. Anayebadilisha vitu vitano kisha mtandao ukawaka hajui kilichotibu ni kipi, na mwezi ujao ataanza upya.

Kifaa hakipati anwani, au kinajipa 169.254

Hii ndiyo dalili ya kila siku. Kompyuta ya Windows ikikosa seva ya DHCP, inayogawa anwani za IP, hujipa anwani inayoanza na 169.254. Simu huzunguka tu. Maana yake ni kwamba ombi la DHCP halikufika kwenye ruta, au limefika na jibu halikurudi. Hizo ni safari mbili tofauti, na kwenye VLAN zinaweza kupita njia tofauti.

Anza na PVID. Kwenye swichi za aina ya TL-SG108E, orodha ya poti zilizo ndani ya VLAN iko ukurasa mmoja na PVID iko ukurasa mwingine. Watu hujaza ule wa kwanza, wanaona poti 4 iko VLAN 20 kama Untagged (bila lebo), wanafunga kompyuta. Lakini kurasa hizo mbili zinaamua mambo mawili. Orodha ya VLAN inaamua kinachotoka kwenye poti, na kwa lebo au bila lebo. PVID inaamua fremu isiyo na lebo ikiingia kwenye poti ipelekwe VLAN gani. Kama poti 4 iko kwenye VLAN 20 lakini PVID yake bado ni 1, ombi la mpangaji linaingia VLAN 1 na kupotelea huko, wakati matangazo ya VLAN 20 yanamfikia bila tatizo. Ukifungua Wireshark, programu ya kutazama pakiti, kwenye laptopu yake utaona pakiti za ARP kutoka 192.168.20.1 zikipita, uamini kwamba poti iko sawa, na upoteze jioni nzima kuikagua ruta isiyo na kosa. Kuona pakiti zikiingia hakuthibitishi kwamba zako zinatoka.

PVID ikiwa sawa, nenda kwenye trunki. Poti 1 ya swichi iwe Tagged kwa 10, 20 na 30, na ether5 ya ruta iwe vivyo hivyo. Kosa linalopatikana mara nyingi hapa ni kuongeza VLAN mpya upande mmoja tu. VLAN 10 na 20 zinafanya kazi tangu mwaka jana, leo unaongeza 30 kwa ajili ya kamera, unaiweka kwenye ruta na kwenye poti 5 na 6, unasahau poti 1. Kukiwa na swichi mbili mfululizo, kagua kila poti njiani, pamoja na ile ya swichi ya kati ambayo haina kifaa chochote cha VLAN hiyo. Inapita tu, lakini lazima iruhusiwe kupita.

Halafu kuna kosa ambalo ni la MikroTik hasa. Daraja linaloziunganisha poti za ruta, kwenye menyu linaitwa bridge, lenyewe lazima liwe mwanachama mwenye lebo wa kila VLAN ambayo ruta inaihudumia:

/interface bridge vlan add bridge=bridge tagged=bridge,ether5 vlan-ids=20

Baada ya alama za =, neno bridge linaonekana mara mbili katika amri hiyo na wengi hudhani la pili ni la ziada. La kwanza linataja daraja lipi, la pili linaruhusu VLAN 20 ifike kwenye kichwa cha ruta yenyewe (CPU), ambako seva ya DHCP inakaa. Ukiliacha, VLAN 20 itazunguka kati ya poti bila ruta kuiona. OpenWrt ya kizazi kipya, kinachoitwa DSA, ina kitu hichohicho kwa jina jingine: kisanduku cha Local kwenye jedwali la Bridge VLAN filtering. OpenWrt ya zamani, yenye ukurasa wa Switch, ilitaka poti ya CPU iwekwe Tagged.

Mwisho angalia seva ya DHCP imefungwa wapi. Iwe kwenye vlan20, isiwe kwenye bridge. Hakikisha vlan20 ina anwani yake, 192.168.20.1/24, na kwamba fungu la anwani za kugawa ni la mtandao huohuo. WinBox, programu ya kusimamia MikroTik, huonyesha seva yenye kasoro kwa rangi nyekundu.

Kujua ni hatua ipi imekatika, usibahatishe. Amri hii kwenye ruta

/interface bridge host print where vid=20

inaorodhesha vifaa vyote ambavyo ruta imevisikia ndani ya VLAN 20 na poti vilikotokea. MAC (namba ya kadi ya mtandao) ya laptopu ikionekana hapo, safari ya kwenda imekamilika, tafuta tatizo kwenye DHCP au safari ya kurudi. Isipoonekana, iangalie bila sharti la vid: ukiikuta kwenye VLAN 1, ni PVID. Usipoikuta kabisa, imefia kwenye swichi. Njia nyingine, ya miguu zaidi, ni kuweka ether4 ya ruta iwe VLAN 20 bila lebo kwa muda na kuchomeka laptopu hapo moja kwa moja. Ikipata anwani, ruta imejisafisha na unaweza kupanda juu kwenye swichi.

Kuna swichi ndogo isiyo na mipangilio katikati ya trunki? Nyingi ya hizo hupitisha fremu zenye lebo bila kuzigusa, kwa hiyo inaweza kuonekana inafanya kazi. Lakini inamwaga VLAN zote kwenye kila poti yake, na yeyote mwenye laptopu anayejua kuweka namba 30 ataingia kwenye kamera. Iondoe kwenye trunki. Mwisho wa waya, baada ya poti 4 kwa mfano, haina ubaya: kila kitakachochomekwa kitakuwa VLAN 20.

Kinapata anwani, ila ya mtandao mwingine

Kama kifaa kilichoko poti ya VLAN 20 kinapewa 192.168.10.x, rudi kwenye PVID kwanza. Ikiwa sawa, jiulize kama ulibadilisha VLAN ya poti huku kifaa kikiwa kimeunganishwa. Kifaa hakiambiwi kwamba kimehamishwa. Kinashikilia anwani ya zamani hadi muda wake wa kukodi ufike nusu ndipo kiulize tena, na OpenWrt kwa kawaida hukodisha anwani kwa saa 12. Chomoa waya uurudishe, au kwenye Windows andika ipconfig /release kisha ipconfig /renew. Kama kifaa kiko nyuma ya swichi nyingine ndogo, kuchomoa waya wa swichi hiyo hakusaidii, kwa sababu waya wa kifaa chenyewe haujakatika. Chomoa wa kwake.

Anwani isiyo ya mtandao wako wowote, tuseme 192.168.0.105, ni habari nyingine. Mpangaji amenunua ruta yake ya waifai na kuchomeka waya wa ukutani kwenye tundu la LAN (la ndani) badala ya WAN (la kutokea nje). Sasa ruta hiyo inagawa anwani kwa kila aliyeko VLAN 20, na inayojibu haraka ndiyo inayosikilizwa, ndiyo maana baadhi ya vyumba vina intaneti na vingine havina, na kesho hali inageuka. Andika ipconfig /all uone mstari wa DHCP Server. Kisha arp -a ikupe MAC ya mhusika. Kwenye MikroTik, /ip dhcp-server alert inaweza kukesha ikitafuta seva ngeni na kukuandikia kwenye kumbukumbu. Familia na kamera hazikuathirika, na kwa maoni yangu hilo peke yake linatosha kuhalalisha taabu yote ya kuweka VLAN.

Kuna kosa jingine la kuangalia hapa: poti iko bila lebo kwenye VLAN mbili. Swichi hizi zinakubali jambo hilo bila kulalamika. Ulipoiweka poti 4 kwenye VLAN 20 hukuitoa VLAN 1, na matangazo ya VLAN 1 bado yanatokea hapo. Itoe. Baadhi ya matoleo ya zamani ya swichi za bei nafuu hayakuruhusu kuitoa poti VLAN 1 kabisa. Kwa hizo, sasisha programu dhibiti, au hakikisha VLAN 1 haina kitu cha maana ndani yake.

Anwani ni sahihi, intaneti hakuna

Fuata mpangilio huu na usiruke hatua: ping 192.168.20.1, kisha ping 1.1.1.1, kisha nslookup (amri ya kuuliza anwani ya jina) ya jina lolote la tovuti unalolijua. Jibu la kila hatua linakutuma mahali tofauti.

Kesi tamu kuliko zote ni hii: ping zote mbili zinajibu, majina hayajibu. Kwenye MikroTik yenye faiawoli ya kiwandani, sababu karibu kila mara ni moja. Sheria ya mwisho ya mnyororo wa input, yaani wa pakiti zinazoilenga ruta yenyewe, inatupa chochote kisichotoka kwenye orodha ya LAN, na vlan20 uliyoiunda haimo kwenye orodha hiyo. DHCP inapita kwa sababu seva yake huipokea pakiti kabla ya faiawoli, ping inapita kwa sababu ICMP, itifaki ya ping, imeruhusiwa juu yake, na pakiti za kwenda nje zinapita kwa sababu hazikusudii ruta. Maswali ya DNS (ya kutafuta anwani za majina), yanayokwenda kwa ruta yenyewe, ndiyo yanayotupwa. Ndiyo maana mtu akiandika 8.8.8.8 kwenye simu yake kila kitu kinafunguka, na anaondoka akisema DNS ya ruta ni mbovu.

Dawa ya haraka ni kuongeza vlan20 kwenye orodha ya LAN. Siipendi kwa wageni, kwa sababu inawafungulia pia ukurasa wa kuingia kwenye ruta. Weka sheria mbili tu juu ya ile inayotupa:

/ip firewall filter add chain=input in-interface=vlan20 protocol=udp dst-port=53 action=accept
/ip firewall filter add chain=input in-interface=vlan20 protocol=tcp dst-port=53 action=accept

Amri hizo zikiandikwa hivyo zitatua chini kabisa ya orodha, baada ya sheria inayotupa, na hazitafanya kazi. Ziburute juu.

OpenWrt kwa kosa hilohilo inatoa dalili tofauti. Kiolesura kisichowekwa kwenye kanda ya faiawoli, au kilicho kwenye kanda yenye input ya reject, hakipati hata anwani, kwa kuwa huko DHCP inapitia faiawoli kama pakiti nyingine. Ruhusu UDP 67 (ya DHCP) na poti namba 53 (ya DNS), kisha ruhusu kanda hiyo kupeleka pakiti kwenye wan.

Ping ya 1.1.1.1 ikishindwa wakati ile ya ruta inajibu, kagua kama anwani zako zinagongana na za kisanduku cha mtoa huduma. Visanduku vingi vya fiberi vinatumia 192.168.1.1 au 192.168.100.1. Aliyeanzisha VLAN 100 na, kwa kupenda mpangilio, akaipa 192.168.100.0/24, amezika njia yake ya kutokea. Ruta ina mtandao mmoja pande mbili na haiwezi kuchagua. Badilisha upande wako. Kama anwani hazigongani, tazama sheria ya masquerade, inayobadilisha anwani za ndani kuwa ile ya nje: ikiwa imeandikwa kwa src-address ya 192.168.10.0/24, VLAN mpya hazimo. Iandike kwa poti ya kutokea badala ya anwani za ndani.

Kwa wanaoishi nje na wanaoondoa kabisa kisanduku cha kampuni, kumbuka intaneti yenyewe inaweza kuja ndani ya VLAN. Deutsche Telekom nchini Ujerumani hutumia VLAN 7 kwa PPPoE (njia ya kuingia kwa mtoa huduma kwa jina na nenosiri), KPN ya Uholanzi hutumia VLAN 6. Ruta isipoweka lebo hiyo upande wa nje, PPPoE haitajibiwa kamwe hata nenosiri likiwa sahihi.

Intaneti ipo, lakini printa na runinga hazionekani

Hapa VLAN inafanya kazi yake. Simu hutafuta printa na runinga kwa mDNS, yaani kutangaza kwenye 224.0.0.251, poti namba 5353, na tangazo hilo halivuki ruta. Unaweza kuweka kirudishi cha mDNS, kama Avahi kwenye OpenWrt. Mimi ningehamishia printa na runinga VLAN 10 na kuendelea na maisha, isipokuwa pana sababu ya kweli ya kuzitenga.

Kinasa cha kamera ndicho kinachochosha watu zaidi. Sheria ya kuruhusu VLAN 10 kuingia VLAN 30 ipo, kompyuta nyingine ndani ya VLAN 30 inajibu ping, kinasa hakijibu. Fundi aliyekifunga alikipa anwani ya kudumu na akaacha nafasi ya gateway (anwani ya ruta ya kutokea) wazi, au akaandika 192.168.1.1 ya zamani. Kinasa kinapokea ombi lako vizuri kabisa ila hakijui njia ya kurudishia jibu nje ya mtandao wake. Weka 192.168.30.1. Kamera zenyewe hazina haja ya gateway kama zinaongea na kinasa tu, na pengine ni bora zisiwe nayo.

Kompyuta za Windows nazo zinadanganya kwenye kipimo cha ping: faiawoli yake ya kawaida haijibu ping kutoka mtandao mwingine hata njia ikiwa wazi. Pima kwa huduma unayoihitaji, usipime kwa ping.

Kinyume chake pia hutokea, na ni kibaya zaidi kwa sababu hakuna anayelalamika: wapangaji wanafungua ukurasa wa kinasa. MikroTik kwa mipangilio ya kiwandani haizuii VLAN moja kuingia nyingine. Swichi imezitenga kwenye waya, kisha ruta inaziunganisha tena.

/ip firewall filter add chain=forward in-interface=vlan20 out-interface-list=!WAN action=drop

Jaribu mwenyewe ukiwa kwenye waifai ya wageni kabla ya kuamini.

Waifai ya wageni haipati anwani, ya familia inapata

Poti 8 ya swichi haijapewa VLAN 20 yenye lebo. Au imepewa, lakini bila lebo. Hilo la pili linafurahisha kulichunguza: aksesi pointi inatuma fremu za wageni zikiwa na lebo 20, swichi inazipokea, ruta inatoa anwani, jibu linarudi hadi poti 8 na kutoka bila lebo, aksesi pointi inadhani ni la familia. Kwenye ruta utaona anwani imetolewa mara nyingi kwa simu moja ambayo haijawahi kuikubali.

Ruta ya kawaida ya dukani iliyogeuzwa aksesi pointi ni suala jingine. Nyingi ya hizo hazijui VLAN katika hali hiyo, na "Guest Network" yake inawaweka wageni kwenye mtandao uleule wa familia wenye jina tofauti. Hakuna mpangilio wa swichi utakaoirekebisha.

Umejifungia nje

Ulibonyeza vlan-filtering=yes na WinBox ikakatika. Ndiyo kazi ya ether3: itoe kwenye daraja tangu mwanzo, ipe anwani 192.168.99.1/24, iongeze kwenye orodha ya LAN, na uingilie hapo wakati wote unaporekebisha. Ukiwa kwenye terminali bonyeza Ctrl+X kuingia Safe Mode. Muunganisho ukikatika, mabadiliko yanarudi nyuma yenyewe. OpenWrt kupitia LuCI, ukurasa wake wa usimamizi, hufanya hivyo pia baada ya sekunde 90 isipokusikia. Kosa la kawaida la OpenWrt ni kuwasha VLAN kwenye br-lan huku kiolesura cha lan kikibaki kwenye br-lan badala ya br-lan.10.

Kwa swichi, poti 7 tuliyoiacha VLAN 1 ndiyo mlango wako. Ipe laptopu anwani ya mkono, 192.168.0.10, kisha jaribu 192.168.0.1. Ikishindikana kuna kitufe cha ndani kinachobonyezwa kwa sindano, na hapo ndipo utaikumbuka nakala uliyohifadhi.

VLAN moja imekufa baada ya kuongeza waya wa pili

Mtu anaona poti zimebaki, anavuta waya mmoja wa VLAN 10 na mwingine wa VLAN 20 kati ya vifaa vilevile viwili. Kama pande zote zina RSTP, itifaki ya kuzuia mizunguko, itaona mzunguko na kufunga waya mmoja, kwa sababu inaangalia waya na haijali namba za VLAN. Kwenye MikroTik, /interface bridge port monitor itaonyesha alternate-port. Tumia waya mmoja wenye lebo. Kama swichi haina kinga ya mzunguko na VLAN zimekosewa, utaiona kwa macho: taa zote zinapepesa kwa pamoja bila kupumzika na nyumba nzima haina mtandao. Chomoa waya mmoja kwanza, fikiri baadaye.

Kompyuta ina anwani za IPv6 za mitandao miwili

IPv4 ni ya VLAN 10, ila IPv6 ziko za 10 na za 20, na kurasa nyingine zinafunguka kwa kusuasua. Kompyuta imechomekwa kwenye poti ya trunki. Madereva mengi ya kadi za mtandao kwenye Windows huondoa lebo kimyakimya na kuupitisha ujumbe, kwa hiyo matangazo ya ruta ya VLAN zote yanasomwa kana kwamba ni ya kwake. Toa VLAN zenye lebo kwenye poti hiyo.

Ilikuwa inafanya kazi mpaka umeme ulipokatika

Swichi kadhaa hushika mabadiliko papo hapo lakini haziyaandiki kwenye kumbukumbu ya kudumu hadi ubonyeze Save. Cisco inataka copy running-config startup-config. MikroTik huhifadhi yenyewe. Umeme ukirudi, swichi imerudi ilivyokuwa wiki tatu nyuma na wewe unakumbuka kabisa kwamba uliirekebisha.

Pengine mipangilio ipo na tatizo ni nani kaamka kwanza. Kamera imewaka, imeomba anwani wakati ruta bado inajipanga, imekata tamaa. Izime na kuiwasha. UPS ndogo kwa ruta na swichi inaondoa kero hiyo, na kwa mitaa ambayo umeme hupepesa mara kwa mara ningeinunua kabla ya swichi ya pili.

Inafanya kazi, lakini polepole

Kunakili faili kutoka VLAN 10 kwenda VLAN 30 kunapanda trunki na kushuka trunki ileile, kupitia ruta. Gigabiti 1 ya ether5 ndiyo kikomo, na kichwa cha ruta kinaweza kuchoka kabla ya hapo. Ndani ya VLAN moja kasi ikishuka pia, andika /interface bridge port print na utafute herufi H: ikikosekana kwenye poti, fremu zake hazipitishwi na chipu bali na kichwa cha ruta. Na kabla ya kulaumu VLAN, angalia kasi ya poti yenyewe. Waya wa zamani wenye jozi mbili tu zilizofungwa unaishia megabiti 100, swichi inaonyesha hivyo kwenye ukurasa wa Port Setting, na dawa yake ni koleo na kichwa kipya cha RJ45.